Shangazi, nimempa mume wangu vitabu vitano vya faraja, hataki hata kimoja

Shangazi shikamoo,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi wilaya ya Masasi, mkoa wa Mtwara. Mume wangu ni mkulima wa korosho. Tulijaliwa watoto watatu, sasa wamebaki wawili. Wa katikati alikuwa na selimundu, ile ambayo wengi tunaiita sikoseli. Alifariki mwezi wa pili mwaka huu akiwa na miaka minane. Ilianza homa, tukamkimbiza hospitali, wakakuta malaria na damu imeshuka sana. Aliongezewa damu. Usiku wa pili akatutoka.

Siku ya mazishi mume wangu alichukua jembe akachimba kaburi yeye mwenyewe. Wenzake walimkataza, hakusikia. Tangu siku ile hajaingia kanisani. Hatukani, hanywi, hagombani na mtu. Anakaa kimya tu. Jioni akishakula anakwenda barazani kwa jirani yetu, mzee mmoja Mwislamu, wanacheza bao mpaka saa tatu usiku. Nimepita pale mara mbili nikawakuta hawazungumzi, kete tu ndizo zinalia.

Mimi niliokoka nikiwa chuo cha ualimu na kusoma ndiko kunakonishikilia. Kaka yangu aliyeko Dar es Salaam alinitumia kwa basi boksi la vitabu vitano baada ya arobaini. Vinne ni vya Kiingereza: kimoja cha C. S. Lewis kuhusu maumivu, kimoja cha Tim Keller wa New York, cha yule dada mwenye kiti cha magurudumu, Joni Eareckson Tada, na kingine chembamba cha Nicholas Wolterstorff ambacho bado sijakisoma. Cha tano ni kijitabu cha Kiswahili cha mafundisho ya imani na uponyaji. Mume wangu aliishia darasa la saba, Kiingereza hakimpandi, kwa hiyo nilinunua kaunta buku nikaanza kumtafsiria Lewis kwa mkono wangu, usiku, watoto wakishalala. Nilimaliza sura tatu. Alisoma kurasa kama nne, akalifunga daftari akaniambia, "Huyu mzungu hajazika mtoto." Akatoka.

Nilijaribu cha Keller, nikawa namsimulia tukila. Kinaeleza kwamba utamaduni wa kisasa umemfanya mwanadamu aamini maisha ni raha, ndiyo maana mateso yakija hana pa kuyaweka. Nikamwambia labda na sisi tumeingiwa na roho hiyo ya usasa. Hakujibu, ila siku ile hakumaliza ugali wake.

Shangazi, sisi si watu wasioombea watoto wao. Mwezi wa tisa mwaka jana mtoto alipopata maumivu makali ya mifupa, baba yake aliuza kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya utaratibu, korosho ambazo hata hazijaanguka ili tupate hela ya matibabu. Mwezi wa kumi alikuja mhubiri mgeni kufundisha imani, nikafunga siku tisa na dawa za mtoto nikaziweka pembeni, baba yake alikuwa shamba kwenye kuokota, lakini hilo lilishapita na mtoto baadaye aliendelea na dawa vizuri. Kwa hiyo si kwamba hatukumtafuta Mungu.

Baadhi ya dada kanisani wanasema kuna mlango uliachwa wazi nyumbani kwetu. Wengine wanasema mume wangu hakuwa mtoaji. Mimi naongoza kundi la akina mama la kusoma vitabu, na wanataka mwezi ujao nifundishe somo la mateso kwa sababu "nimepitia".

Naomba unisaidie mambo matatu. Imani ya mume wangu imekufa? Nimpe kitabu gani ambacho atakisoma? Na je, nimkataze kwenda kwa yule jirani? Kitu pekee anachofanya kinachonipa moyo ni kwamba kila Jumamosi asubuhi anakwenda na jembe kupalilia kaburi la mtoto. Peke yake.

Mama wa watatu, Masasi

* * *

Marahaba mwanangu, na pole. Pole sana. Umesaini "mama wa watatu" na hivyo ndivyo ulivyo, usikubali mtu akupunguzie hesabu.

Barua yako niliisoma usiku, nikairudia alfajiri, kwa sababu kuna mstari mmoja ulionikosesha usingizi. Nitaufikia. Nianze na vitabu, maana ndivyo ulivyouliza.

Acha kumpa. Kuanzia leo. Viondoe pale anapokula, na ukiviondoa mwambie kwa sauti ya kawaida, "Baba, vile vitabu nimevitoa," asije akadhani umesusa. Kosa hili nimewahi kulifanya mimi. Rafiki yangu wa Lindi alifiwa na mumewe, nami siku ya tatu ya msiba, watu bado wamelala kwenye mikeka, nikamwekea mkononi kitabu kizuri cha faraja. Alipokea kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa. Miaka miwili baadaye ndipo aliponiambia kwamba siku ile alihitaji mtu wa kumsaidia kukumbuka kama mtoto mdogo ameshakula, na mimi nilimletea kazi ya kusoma.

Sasa hilo neno la mumeo, kwamba mzungu yule hajazika mtoto. Usilichukue kama ukaidi. Kwa kurasa nne tu amesoma vizuri kuliko wengi wetu tunaomaliza kitabu kizima. Lewis aliandika kitabu kile mwaka 1940. Alikuwa mwalimu wa fasihi Oxford, hajaoa, na ingawa alifiwa na mama yake akiwa mtoto, pale anaandika kama mtu anayefumbua swali gumu ubaoni. Hoja zake ni nzuri, mimi mwenyewe zimenisaidia. Lakini mwaka 1960 mke wake, Joy, alikufa kwa saratani, na mwaka uliofuata akatoa kitabu kingine kidogo, cha mjane wa kiume anayelia, anayegonga mlango wa Mungu na kuona kama umefungwa kwa ndani. Hicho cha pili alikitoa kwa jina la kubuni. Mwandishi ni yuleyule, imani ni ileile, na vitabu viwili hivyo havifanani hata kidogo. Kaka yako amekutumia cha kwanza, mumeo akanusa kwamba mwandishi bado yuko upande wa pili wa mto.

Wengine kwenye boksi lako wanaandika kutoka huku tuliko. Joni alikuwa na miaka 17 mwaka 1967 alipopiga mbizi kwenye maji mafupi akavunjika shingo. Aliombewa sana. Alipelekwa hadi kwenye mkutano mkubwa wa maombi ya uponyaji, akarudi kwenye kiti chake kilekile, na ameishi humo zaidi ya miaka 50 akimtumikia Mungu. Na hicho chembamba ambacho hujakifungua, cha Wolterstorff, ni cha baba. Mwanawe Eric, kijana wa miaka 25, alianguka mlimani Austria mwaka 1983. Baba yake ni mwanafalsafa, mtu wa hoja, lakini kitabu alichokitoa mwaka 1987 hakina hoja ya kumtetea Mungu. Ni kilio cha kurasa fupifupi. Anachowaomba wanaokuja kumpa pole ni kwamba waketi karibu naye. Hicho soma wewe, kwa ajili yako, na usimtafsirie mtu.

Kuhusu Keller nitasema kidogo zaidi, kwa sababu hapo ndipo ulipomuumiza mumeo bila kukusudia. Keller alianzisha kanisa Manhattan mwaka 1989 na kitabu chake cha mateso kilitoka 2013. Watu aliowahubiria kila Jumapili ni watu ambao kwao kifo hutokea hospitalini nyuma ya pazia, maiti huandaliwa na kampuni, na kazini wanarudi baada ya siku chache. Anapowaambia kwamba usasa umewanyima mahali pa kuyaweka mateso, anawaambia ukweli wao. Na yeye mwenyewe, alipopata saratani ya kongosho mwaka 2020, ambayo ndiyo iliyomwondoa Mei 2023, alikiri hadharani kwamba kukiamini kifo kichwani na kukiona kinakuja kwako ni mambo mawili tofauti.

Lakini mumeo, mwanangu? Mtu aliyechimba kaburi la mtoto wake kwa mikono yake, wewe ukamwambia ana roho ya kupenda raha? Ugali ulimshinda kwa haki.

Usasa upo Masasi, sikatai, ila tuutafute ulipo. Wazee wenu wa imani walilifahamu hilo. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Anglikana wa Masasi mwaka 1926, pamoja na makasisi wazawa, waliikalia jando kwa miaka mingi, wakaichambua kipande kwa kipande kuona kipi kinakaa na Injili na kipi hakikai. Mtu anaweza kubishana na walichoamua. Ila walitazama kinachotendeka mlangoni kwao, hawakubeba jibu la mji mwingine.

Mlangoni kwetu leo kinatendeka nini? Nitakuambia ninachokiona mimi. Unajua stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kuuzia korosho, inavyokwenda: unapeleka gunia, linapimwa, unapewa karatasi, mnada unapita, unasubiri hela iingie. Ikiingia pungufu unauliza makato ni ya nini. Ni utaratibu wa biashara, na kwa korosho sina neno nao. Lakini tumeupeleka madhabahuni. Sadaka ni gunia, maombi ni mzani, mfungo ni stakabadhi, na Mungu amekuwa ghala lenye deni letu. Ndiyo maana mtoto akifa, dada zako wa kanisani wanageuka makarani, wanatafuta makato yalikatwa wapi: mlango uliachwa wazi, baba hakutoa. Usasa wenyewe ndio huo, na umevaa joho la kwaya. Bwana Yesu aliletewa hesabu kama hizo. Mnara wa Siloamu ulipoanguka ukaua watu 18, aliuliza kama wale walikuwa wakosaji kuliko wengine waliokaa Yerusalemu, na akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Ipo Luka 13. Wasomee hao dada zako, kisha ufunge Biblia uondoke.

Sasa ule mstari.

Umeupitisha mbio, katikati ya kangomba na kuokota, kama mtu anayepita mbele ya nyumba anayodaiwa. Siku tisa, dawa pembeni, baba yake shamba. Kwingine kote unapoeleza mlivyomhangaikia mtoto unasema "sisi", pale tu ndipo unaposema "nikafunga", "nikaziweka". Mumeo hajui, au anajua na hajasema. Na mimi naamini, nisamehe nikikosea, kwamba vitabu vyote vitano umekuwa ukivituma vikaseme kwake jambo ambalo mdomo wako umeshindwa. Umewapa Lewis na Keller kazi ya kuomba radhi kwa niaba yako. Hawawezi. Hawalijui.

Mimi si daktari, lakini haya yanajulikana. Chembe nyekundu za damu za mtu mzima wa afya huishi siku 120 hivi. Za mtoto wa selimundu huishi siku 10 hadi 20 tu, kwa hiyo mwili wake unatengeneza damu mpya mbio usiku na mchana, na vidonge vya foliki asidi vinausaidia kazi hiyo. Malaria ikiingia kwa mtoto kama huyo inaishusha damu kwa kasi ya kutisha, hata aliyekunywa dawa zake zote. Kati ya mfungo wako na homa ile kulikuwa na miezi minne, na ndani yake mtoto alirudi kwenye dawa. Sikuambii haya ili nikufutie. Nakuambia ili usijihukumu gizani. Chukua lile kaunta buku, andika tarehe: siku ulizoacha, dawa zipi, siku ulizorudi, siku homa ilipoanza. Nenda nalo kliniki alikokuwa akitibiwa, omba kuonana na daktari, mweleze yote, muulize waziwazi. Akikuambia zile siku tisa hazikuwa chanzo, msadiki. Akikuambia ziliongeza hatari, utalia, na utakuwa na jambo la kweli la kulia, badala ya kivuli.

Halafu mwambie baba yake. Usimwambie mbele ya watoto wala mbele ya mchungaji, na usianze na aya. Maneno machache tu: kwamba ulifundishwa hivi, ukaamini, ukafanya hivi, ukamficha, na unaomba radhi kwa kumficha. Kisha nyamaza. Anaweza kunyanyuka na kutoka. Mwache atoke. Anaweza kukaa wiki bila kusema. Ukiogopa kuwa peke yenu, mtafute mama mdogo au shemeji mmoja mwenye kifua cha kutunza neno, akae chumba cha pili.

Kijitabu kile cha Kiswahili kama kinafundisha kwamba kumeza dawa ni upungufu wa imani, kitoe nyumbani kabisa na usimpe mtu mwingine. Paulo, ambaye vitambaa vyake viliponya watu, alimwacha Trofimo mgonjwa kule Mileto, akamwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Hakumwambia afunge. Mwone pia kiongozi wa kanisa lako, umwambie lililotokea baada ya somo la yule mgeni, kwa sababu hukuwa mama peke yako mle ndani. Na wewe msomaji mwingine, kama wiki hii umeziweka pembeni dawa za mtoto wako, za sikoseli, za kifafa, za kisukari, za VVU, inuka ukazichukue sasa hivi. Omba huku anakunywa.

Jirani usimguse. Rafiki zake Ayubu walipofika na kumwona, waliketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Walipofungua midomo ndipo mambo yalipoharibika, sura baada ya sura, mpaka Mungu akawakasirikia mwishoni mwa kitabu kwa kutosema yaliyo sawa. Mzee huyo wa bao yuko kwenye zile siku saba, na kwa hesabu yangu sasa ameshapitiliza miezi. Siku moja mpelekee mihogo au chochote kilichopo, umshukuru. Hahitaji kujua kwa nini.

Somo la mateso usifundishe mwezi ujao. Wakilazimisha, waambie msome pamoja Zaburi ya 88, ambayo inaisha gizani bila hata mstari mmoja wa ushindi, halafu kila mama aseme anachotaka kusema, na wewe ukae na wenzako kwenye mkeka.

Umeniuliza kama imani yake imekufa. Siwezi kuona ndani ya mtu kutoka huku niliko. Ninachokiona ni baba anayerudi kila Jumamosi pale alipomlaza mwanawe, anang'oa magugu, na hajamwomba mtu yeyote amsindikize, wala hajamkataza.

Jumamosi ijayo akichukua jembe, na wewe chukua ufagio umfuate. Kitabu kiache nyumbani. Beba maji ya kunywa, jua kali la huko nalijua.

Shangazi yako